Namna ya Kumaliza Madeni na Makorokoro Bila Kupoteza Hata Kijiko

Kazi ya kulipa madeni huanza kwa kununua. Nenda Kariakoo, ingia duka lolote la vifaa vya shule, uulize kaunta buku ya kwaya nne, ile yenye jalada gumu ambayo walinzi wa getini huandikia majina ya wageni. Ya kwaya mbili usichukue, utakuwa umejidharau. Ongeza rula, kalamu za rangi tatu na maka peni. Kama hela haikutosha, azima kwa uliyeongozana naye. Hilo litakuwa deni la kwanza kuandikwa, na ni vizuri kuanza na deni ambalo bado unakumbuka lilikotoka.

Ukifika nyumbani, ligawe daftari pande mbili. Mbele andika MADENI. Ligeuze, nyuma andika VITU VYA KUTOA. Wapo watakaokwambia hizo ni kazi mbili tofauti, kwamba deni ni habari ya benki na makorokoro ni habari ya ufagio. Usiwasikilize. Kabati la vioo lililoziba dirisha la sebuleni ni marejesho ya mwaka mzima yaliyosimama wima. Makochi yale ya rangi ya maziwa, ambayo mpaka leo yamevaa nailoni, ni mkopo wa Saccos ulioombwa kwa maelezo ya "kukuza mtaji". Friza iliyogeuka stoo ya unga ni ile biashara ya barafu iliyokutana na mgao wa umeme. Mbele ya daftari unasoma ulichokopa, nyuma unasoma ulichokifanyia. Kurasa za katikati, pale pande mbili zinapokutana, ziache wazi tu kwa ajili ya amani ya ndoa.

Wajapani ndio mabingwa wa pande zote mbili. Hani Motoko, mmoja wa wanawake wa kwanza nchini mwao kufanya kazi ya uandishi wa habari, alitoa mwaka 1904 daftari la kuandikia mapato na matumizi ya nyumba, kakeibo, na watu wanaliandika hadi leo. Zaidi ya miaka mia moja baadaye akaja Marie Kondo na somo la kushika kila kitu mkononi na kujiuliza kama kinakupa furaha; kisichokupa, unakishukuru na kukiaga. Kipindi chake kiliingia Netflix Januari 2019. Mwaka 2023, akiwa na watoto watatu, alisema mwenyewe kwamba kwa kiasi fulani ameshakata tamaa na habari za kupanga nyumba. Sisi hatukusubiri mtoto wa tatu.

Punguza madeni kwa kalamu kwanza

Jumla ikiwa kubwa inakatisha tamaa, na mtu aliyekata tamaa halipi. Kwa hiyo ipunguze kabla hujaiandika.

Anza na ndugu. Hela uliyochukua kwa dada yako si deni, ni mambo ya kifamilia. Ya shemeji nayo usiiandike, maana ukiiandika itabidi uandike na zile alizochukua yeye, na kwaya nne hazitatosha. Kuna mchango wa harusi uliouahidi kwenye kikao, ukasimama mbele ya kamati, ukataja laki moja, ukapigiwa makofi, kisha ukatoa elfu thelathini. Zile sabini zilizobaki ni ahadi, na kama ndoa yenyewe imeshavunjika, sioni ni nani wa kukudai.

Mangi wa dukani ana daftari lake, na la kwake ni sahihi kuliko lako. Juu ya rafu ya sabuni amebandika karatasi kwamba kukopa harusi, kulipa matanga, na chini ya karatasi hiyo hiyo mmesimama watatu mnasubiri kukopa sukari. Hili usiliingize kwenye hesabu. Likifutika lote siku moja, kesho yake utaingia dukani kwake kwa gia gani?

Mchezo ni mchezo. Aliyepokea wa kwanza amekopeshwa na wenzake bila riba mpaka duru iishe. Anayepokea wa mwisho ndiye aliyewakopesha. Kijumbe analijua hilo vizuri sana, ndiyo maana haachi jina lako lipande juu kirahisi. Wewe andika "nacheza". Anayecheza hadaiwi.

Kwa aliyepita chuo kuna deni lisilohitaji daftari kabisa. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hukata asilimia 15 ya mshahara kabla mshahara haujakuona. Zamani ilikuwa asilimia 8, sheria ikabadilishwa mwaka 2016. Juu ya salio kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha, na wapo waliokatwa mwezi baada ya mwezi huku namba ikiwa palepale, hadi tozo hiyo ilipoondolewa mwaka 2021. Nasema bila utani: kwa mwenye ajira rasmi, hakuna deni analolipa kwa uaminifu kuliko hili, na sababu ni moja tu. Haulizwi.

Baada ya kusafisha orodha namna hii, utabaki na madeni mawili au matatu. Pumzika. Piga picha ukurasa, uweke status.

Nani alipwe kwanza

Hapa wataalamu wamegawanyika. Dave Ramsey, Mmarekani aliyejipatia jina kwa redio na vitabu vya fedha, anasema panga madeni kuanzia dogo kwenda kubwa, riba usiitazame; maliza dogo upate moyo, kisha hela iliyokuwa ikienda huko iongeze kwenye linalofuata. Watu wa hesabu wanambishia: anza na lenye riba kubwa, hapo ndipo utaokoa pesa nyingi. Kwenye karatasi watu wa hesabu wako sahihi. Ramsey naye ana hoja, kwa kuwa karatasi haijawahi kukata tamaa.

Sisi tuna njia ya tatu ambayo sijaiona kwenye kitabu chochote, na ndiyo inayotumika kuanzia Mbagala hadi Bunju: alipwe kwanza mwenye kelele.

Kelele zina madaraja. Chini kabisa yuko mama yako kijijini, aliyeuza ng'ombe ili umalizie mwaka wa mwisho. Huyo hajawahi kuuliza, na kwa utaratibu huu hatalipwa. Juu yake ipo benki, yenye barua za heshima zinazoanza na "Ndugu mteja". Anafuata mwenye nyumba, anayepiga simu wiki moja kabla kodi haijaisha kuulizia hali ya watoto. Kisha mikopo ya kwenye simu, nitaifikia. Kileleni kabisa kipo kikundi.

Kikundi hakipigi kelele. Kinakutana Jumanne chini ya mwembe, sanduku la chuma katikati, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu wasiopatana sana, mtindo ambao shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991 na ukasambaa sehemu kubwa ya Afrika. Majina yanaitwa. Marejesho yanahesabiwa kwa sauti, noti zinanyooshwa kwenye goti. Mweka hazina anarudia hesabu mara ya pili, kisha anafunga kalamu: imepungua elfu kumi na tano. Kila mtu anajua ni ya nani, kwa sababu kiti kimoja cha plastiki hakina mtu. Sanduku halifungwi. Mmoja anamhamishia mtoto titi la pili. Mwingine anasema ameacha maharage jikoni. Robo saa inapita hivyo.

"Jamani, twendeni tukamsalimie mwenzetu," anasema mwenyekiti, na wanawake kumi na wawili wanainuka na kukung'uta kanga.

Nyumba inayosalimiwa namna hiyo hulipa. Haitazamwi kama hela iliyopo ndani ni ya ada ya mtoto. Isipokuwepo, itapatikana kwa jirani wa ukuta wa pili, ambaye naye marejesho yake ni Alhamisi, kikundi kingine, mwembe mwingine.

Deni lifundishwe kuhama

Hapo kwa jirani ndipo penye siri ya maendeleo yote utakayoyaandika. Deni kulimaliza ni kazi. Kulihamisha ni jioni moja.

Mwenye mshahara ana bahati zaidi, kwa kuwa benki ya pili iko tayari kununua deni lako kutoka benki ya kwanza. Umebakiza miezi kumi na nne. Inakuja benki mpya, inalipa yote, inakuongezea milioni mbili mkononi, na wewe unaanza upya miezi sabini na miwili. Kwenye daftari, nenda ukurasa wa benki ya kwanza, vuta mstari kwa kalamu nyekundu na rula, andika LIMEKWISHA. Mstari uwe mnene. Deni jipya lifungulie ukurasa mpya mbali kidogo, tuseme kurasa ishirini mbele, usiwe unazitazama kurasa hizo mbili kwa wakati mmoja.

Asiye na mshahara ana simu. Mikopo ya simu tulianza kuizoea mwaka 2014 ilipokuja M-Pawa; siku hizi hata muamala ukipungukiwa, Songesha inamalizia, na Wakenya wanayo Fuliza tangu Januari 2019. Uzuri wake ni kwamba hela ikiingia inajikata yenyewe. Mzee ametumiwa elfu hamsini na mwanawe za kununulia dawa za presha. Simu inalia, anavaa miwani, anafungua, anakuta elfu thelathini na moja na ujumbe wa kumshukuru kwa kulipa. Mtu wa namna hiyo daftari la nini? Ameshalipa kabla hajajua amelipa.

Kuhusu michoro sitasema mengi. Watu huchora miraba mia moja na kupaka rangi mmoja kila wanapolipa, wanabandika kwenye mlango wa friji. Inapendeza. Chagua kiwango kidogo kwa kila mraba ili watoto wasikose kazi ya kupaka.

Geuza daftari

Sasa vitu. Utakapoanza kutoa vitu nyumbani, kikwazo cha kwanza kitakuwa methali. Akiba haiozi. Ya kale ni dhahabu. Watu wa nyumbani kwako watakuwa wamezihifadhi kwa ajili ya siku hiyo, na hutawashinda kwa hoja. Anza na droo ambayo hakuna anayekumbuka kilichomo.

Mle ndani utakuta simu mbili au tatu zilizozimwa usiku wa tarehe 16 Juni 2016, TCRA ilipozifungia simu bandia zisipate mtandao. Hazikupiga tangu siku hiyo. Ziko kwenye foronya, na chaja zake, chaja za pini nyembamba. Ukiuliza unaambiwa zina picha za marehemu babu. Waulize basi mara ya mwisho kuzitazama picha hizo ilikuwa lini, uone watakavyokutazama wewe. Rimoti zipo tano na televisheni ni moja. Ya televisheni hiyo haimo. Kuna king'amuzi kilichonunuliwa haraka haraka mwishoni mwa 2012, mitambo ya analojia ilipokaribia kuzimwa Dar es Salaam, na chini yake furushi la mifuko ya Rambo iliyofichwa kabla ya tarehe 1 Juni 2019, siku mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku. Hiyo mifuko, kwa maoni yangu, ihamishiwe Makumbusho ya Taifa.

Ukitoka kwenye droo utakutana na makopo ya Blue Band na ndoo za rangi. Haya usiyaguse. Kopo la Blue Band lina kazi: moja lina chumvi, moja lina vifungo, moja lina makopo madogo zaidi. Ila makopo kumi na manne kwa jiko la mtu mmoja ni jambo la kuzungumza. Madumu ya lita ishirini nayatetea kwa nguvu zote, na sifanyi mzaha. Waliojifanya wa kisasa wakayatoa walitafutana Oktoba 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua na jiji likaingia mgao. Mwenye madumu kumi Tabata siku zile alisalimiwa shikamoo na watu wa rika lake.

Kabati la vioo, kwa mila za hapa, halifunguliwi. Sahani zilizomo ni za wageni, na wageni wakija hulishwa kwenye zile za siku zote kwa kuwa funguo hazionekani. Kwenye daftari liandike "kabati, linafikiriwa".

Nguo ni sura inayojitegemea. Sare za harusi pekee zinaweza kujaza begi la safari: kitenge cha sendofu, kitenge cha kichen pati, gauni la rangi ya ndizi mbivu lililochaguliwa na kamati kwa kura ya wazi. Hazivaliki mara ya pili kwa sababu mkikutana wawili mtaani mtafanana na kwaya. Dawa yake inapita mlangoni kila asubuhi: yule kijana mwenye beseni na ndoo kichwani, anayebadilisha vyombo kwa nguo kuukuu. Mpe gauni nne na suruali, akupe beseni. Mpe mashati ya baba watoto, akupe ndoo na mfuniko. Jioni andika: nguo kumi na moja zimetoka. Mabeseni yaliyoingia usiyaandike, hayo ni mapato.

Vifaa vilivyoharibika usivitupe. Vina ghala lake, na ghala hilo ni kwa fundi.

"Baba watoto, hii redio vipi, niitoe?"

"Aah, hiyo nzima, ni waya tu. Niachie, Jumamosi naipeleka."

Ipelekwe kweli. Fundi ataipokea, ataitoboa, atakwambia spea yake inatoka Kariakoo, na kuanzia hapo redio haihesabiki kuwa ni yako wala si yake. Sijui idara yoyote ya jiji inayoondoa vitu majumbani kwa ufanisi wa fundi mmoja wa pasi na redio chini ya mwavuli. Kila ukipita, msalimie na kuuliza. Akisema "kesho, bosi", weka alama ya vema kwenye daftari.

Vitakavyobaki, tafuta boksi kubwa, vitie humo, na kwa maka peni andika KIJIJINI. Ukishaandika, hesabu vimeondoka. Boksi lenyewe liweke nyuma ya mlango wa chumba cha watoto likisubiri mtu anayesafiri, maana kulipeleka mpaka stendi ya Mbezi na kulilipia mzigo kwenye basi kunagharimu kuliko vilivyomo. Mlango hautafunguka wote tena, lakini watoto ni wembamba, watapita. Na kama boksi litafika kweli kijijini, bibi atalipokea kwa mikono miwili, atakushukuru sana, na kuliweka juu ya boksi la mwaka juzi.

Orodha iliyo bora kuliko zote

Nimeona watu wakihangaika miezi kujua nyumbani kwao kuna nini. Wanaandika, wanafuta, wanasahau stoo. Kumbe orodha ya vitu vya nyumbani iliyo kamili, safi na yenye mhuri inaandikwa dakika kumi, kwenye meza ya mtu wa mikopo, siku unayoomba mkopo wa kausha damu.

Utamkuta mtu ambaye jana hakukumbuka ana sufuria ngapi, leo anataja bila kusita. Televisheni inchi thelathini na mbili, moja. Friji milango miwili, moja. Sabufa na spika zake. Kitanda sita kwa sita, na godoro. Makochi, seti. Mtungi wa gesi mkubwa, jiko la sahani mbili. Mwenza anaweka sahihi, mwenyekiti wa serikali ya mtaa anagonga mhuri, picha zinapigwa. Hata Marie Kondo hajawahi kupata ushirikiano wa namna hiyo.

Tupige hesabu ya mkopo huo, tuchukue mfano wa kawaida. Umeomba laki mbili. Inakatwa elfu ishirini ya fomu na usumbufu, unaondoka na laki na themanini. Unarejesha elfu kumi kila siku, siku ishirini na sita. Umetoa laki mbili na sitini. Yaani elfu themanini kwa kukaa na hela ya watu chini ya mwezi mmoja, na hela hiyo ulianza kuirudisha kesho yake kabla hujaitumia. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na ukomo wa riba uliowekwa kwa taasisi ndogo zisizopokea amana ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki mbili hiyo ni elfu saba. Katika daftari lako tenga safu mbili, moja ya elfu saba na nyingine ya elfu themanini, kisha jiulize kwa nini mwenye elfu themanini ndiye aliyekuwa na ofisi karibu na kwako, na hakuuliza slipu ya mshahara. Jibu unalijua. Ndiyo maana ulikwenda.

Mwenzake wa kwenye simu haandiki sabufa, anaandika watu. Unapakua programu, unabonyeza "ruhusu" mara tatu kwa haraka, na majina yote yaliyomo kwenye simu yanakuwa dhamana. Ukichelewa siku mbili, mkwe wako, mchungaji, bosi wako na fundi wa redio wanapokea ujumbe kwamba wamjulishe fulani alipe deni lake. Kama ulikuwa unatafuta mfumo wa kufuatiliwa maendeleo na watu wanaokujali, huo hapo, na hauhitaji kaunta buku. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kidijitali bila leseni. Wengine walisoma orodha ile kwa wasiwasi, wengine kwa matumaini, wakitafuta jina la wanaowadai.

Turudi kwenye karatasi yenye mhuri. Siku marejesho yakikwama, kirikuu inapaki nje, wanashuka vijana wanne, mmoja ana ile orodha. Anasoma, wenzake wanabeba. Hakuna anayeshika sabufa na kuuliza kama inampa mtu furaha. Kama utaratibu wa sheria umefuatwa ni swali zuri sana, ila siku hiyo hakuna mwenye nguvu ya kuliuliza, na majirani wameshatoka nje. Friji linapitishwa mlangoni kwa ubavu. Godoro linaviringishwa. Nusu saa, kazi imekwisha, sebule imerudia ukubwa wake wa siku mliyohamia.

Halafu tazama walichoacha. Wameacha rimoti tano. Wameacha mifuko ya Rambo, simu za 2016, king'amuzi, makopo, begi la sare, na boksi la KIJIJINI wamelisogeza tu kwa mguu ili wapitishe kitanda. Wageni wale, waliokuwa hawajawahi kulala nyumbani kwako, wametenganisha kitu na korokoro kwa nusu saa, na hawakukosea hata kimoja. Ungewaita mapema wakakusaidia kupanga, wangekutoza pesa kidogo kuliko hiyo.

Ikitokea bahati mbaya deni likaisha

Hutokea. Mtu anapata hela ya kiwanja, au mwanawe wa Oman anatuma, na siku moja anajikuta hadaiwi. Usipaniki. Hali hiyo huwa haidumu.

Dalili ya kwanza ni simu ya afisa mikopo, ambaye miezi yote alikuwa akikuita jina la baba yako kavu kavu. Sasa sauti imelainika: "Mama yangu, shikamoo. Wewe ni mteja wetu mzuri sana, nimeona nisikufiche. Umepanda daraja, safari hii unaweza kuchukua hadi milioni moja na nusu." Simu nayo itatetemeka yenyewe usiku kukupongeza kwamba kiwango chako kimeongezwa. Ndani ya nyumba utaona jambo la kutia aibu: ukuta. Pale lilipokuwa friji pana alama nyeupe ya mraba, na mgeni akija atauliza.

Usikubali siku hiyo hiyo, utaonekana mwenye njaa. Mwambie utafikiria. Pima ukuta kwa hatua za miguu, uliza bei ya friji milango miwili, kisha ukate kauli. Watataka picha mbili za pasipoti, kopi ya kitambulisho cha taifa, elfu kumi ya fomu na barua ya serikali ya mtaa. Kwa mwenyekiti nenda kabla ya saa sita. Baada ya hapo anakuwa kwenye bao, na mhuri anatembea nao mfukoni, lakini akiwa anafungwa hagongei mtu.